Cherehani Iliyotolewa Siku ya Arobaini

Mama yangu alizikwa nikiwa na miaka minane, na kabla mwaka haujageuka nikaanza kuisikia cherehani yake. Haikuwa usiku, kama wanavyopenda wasimulizi wa majini. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo mji wetu wote wa Kasongo umejilaza kwa joto na hata mbuzi wamejibana ukutani penye kivuli. Tak-tak-tak-tak, kisha kigugumizi kidogo, kisha tak-tak-tak tena. Kigugumizi kile nilikijua vizuri. Gurudumu moja la ndani lilikuwa limevunjika jino, na kila lilipofika penye pengo, sindano ilisita kabla ya kushuka.

Nilikimbilia chumbani mwake. Meza ilikuwa tupu, kwa sababu cherehani yenyewe baba alikuwa ameitoa siku ya arobaini.

Kwetu sisi Waislamu wa mjini, vitu vya marehemu havikai ndani vikashika vumbi. Nguo zake zilikwenda kwa maskini, vyungu vyake kwa majirani. Cherehani, kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani mwetu, baba aliitoa sadaka ili thawabu ya kila nguo itakayoshonwa imfikie mama huko aliko. Alimpa nani, hakusema. Mkono wa kushoto haupaswi kujua kilichotolewa na wa kulia, na mimi, kumbe, ndiye niliyekuwa mkono wa kushoto. Nilipolia nikitaka irudishwe, alinijibu mara moja tu.

"Sadaka iko kama mate, mutoto wangu. Ukisha kutema, haulambi tena."

Nilimchukia baba kwa jibu lile. Nasema wazi, maana sasa yeye pia yuko kaburini na sina wa kumficha.

Nikakua, nikajifunza kushona, nikapata nafasi yangu kwenye baraza la duka la mfanyabiashara mmoja karibu na soko. Nilishona kaptura za kaki za makarani wa teritware, ofisi ya serikali pale mjini, na sare za watoto wa misioni. Bado niliisikia. Si kila siku. Wiki moja iko, wiki nyingine haiko. Msimu wa kupanda mpunga ilinyamaza kabisa, nikadhani mama amenikasirikia, nikawa natafuta kosa langu. Mvua zikitulia, adhuhuri moja, tak-tak-tak, amerudi. Nilikaa juu ya mkeka nikilia kama mtoto, mwanamume mwenye ndevu.

Kisha shangazi yangu, ambaye siri kwake ilikuwa kama maji kwenye tenga, akaponyokwa na ulimi. Cherehani ilikwenda njia ya Kabambare, kwa mwanamke mkulima. Zaidi ya hapo hakujua.

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya cherehani kuukuu. Kwa karani mmoja wa teritware nilisema natafuta vipuri, akanipa barua ya ruhusa ya kutoka mjini, nikapanda baiskeli. Nilikwenda Lusangi, nikazunguka vijiji hadi upande wa Salamabila kwa wachimba dhahabu, na kila niliposikia kuna mashine ya zamani nilishuka. Sikuwa na haja ya kuiangalia. Nilifumba macho, nikamwambia mwenye mashine azungushe gurudumu.

Nyingi hazikuwa yake, lakini nilizichukua. Nilijiambia huenda hizi ni dada za ile ya mama. Nyumbani zikafika tisa. Moja ilikuwa na simba wa dhahabu ubavuni, nzito ya gurudumu, inashona turubai kama karatasi. Moja ilitoka kwa masista, nyepesi, lakini ikiona hariri inaitafuna. Moja ilikuwa na maua yaliyofutika mahali pamoja tu, pale mkono wa mwenyewe ulipokuwa ukipumzika miaka mingi. Kwa kila moja nilishona kipande cha kitambaa kilekile cha amerikani, mshono mmoja mrefu, nikavitundika vipande ukutani na kuvilinganisha. Hakuna hata mshono mmoja uliokuwa na ile nafasi ya kigugumizi. Mke wangu, ambaye hakuwahi kusikia chochote adhuhuri, alinicheka.

"Sheria imekupa wanawake wanne, weye uko na kumi!"

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Mwaka wa saba nilifika kijiji kimoja kabla ya Kabambare, jua likiwa utosini. Nilikuwa nimefunga nyuma ya baiskeli cherehani yangu nzuri kuliko zote, mpya, laini, niliyokuwa nayo kwa ajili ya kubadilishana. Sikuhitaji kuuliza mtu. Nyumba ya tatu, tak-tak-tak-tak, kigugumizi, tak-tak-tak. Niliegemeza baiskeli kwenye mti, nikapiga hodi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, Mkristo, na rozari shingoni, anashona gauni la mtoto uani. Kwenye ubao wa cherehani niliona alama nyeusi ya pasi ya makaa, ile niliyoichoma mwenyewe nikiwa na miaka sita na kuchapwa kwa ajili yake. Ningemwambia mimi ni nani. Lakini nilikumbuka mate ya baba, nikaona aibu. Sadaka haidaiwi. Basi nikajiambia, kwa ujanja wa fundi anayetaka kupunguza kitambaa cha mteja, kwamba kubadilishana si kudai.

"Mama, nipe hii ya kuzeeka, nami nikuachie hii mupya."

"Hii unaitakia nini, papa? Iko na ugonjwa ndani."

"Ninakusanyaka za zamani."

Alinitazama sana. Akaijaribu mpya, akaona jinsi inavyoteleza, akatabasamu. Kabla ya kuniachia ile kuukuu aliiwekea kiganja juu, midomo ikachezacheza, kama mtu anayeaga. Sikumuuliza alisema nini. Nilikuwa na haraka ya mwizi.

Niliiweka juu ya meza ya mama. Kesho yake, baada ya adhuhuri, nikakaa nikasubiri. Kimya. Kesho kutwa, kimya. Wiki, mwezi, kimya. Nilisema ni msimu wa kupanda, ngoja. Msimu ukapita, mpunga ukavunwa, ukakobolewa, ukaliwa. Kimya. Niliogopa kimya kile kuliko nilivyowahi kuogopa sauti. Nilizoea kuwa na mama asiyeonekana, na sasa nilikuwa na chuma chake, na yeye hayupo.

Nikarudi kule kwa baiskeli. Safari hii nilimwambia ukweli, mimi ni mtoto wa yule marehemu wa Kasongo, na sauti niliyokuwa nikiisikia adhuhuri imekatika. Hakushangaa. Alinisogezea kigoda.

"Sura yako ni yake. Nilijua siku ile, nikangoja useme. Weye haukusema."

Akanieleza. Alikuwa akiuza mchele soko la Kasongo, na mama yangu ndiye aliyemfundisha kushika kitambaa, mkekani petu. Baba alipompa cherehani alimwomba jambo moja, kila akikaa kushona alitaje kwanza jina la marehemu. Hakuwahi kusahau.

"Tunashonaka saa ya jua kali, shamba haliwezekani. Saa ya kupanda hatushoni hata kidogo. Lakini kila nikikaa, namuita kwanza: mama, njoo tushone."

Nilihesabu moyoni adhuhuri zangu zote, na misimu ya kupanda niliyotafuta kosa langu. Nikamwomba tubadilishane tena, arudishe mpya, achukue kuukuu, amwite kama zamani. Alitikisa kichwa. Ile mpya alikwisha kumpa binti yake aliyeolewa mbali.

"Na ile ya zamani, mama? Ipokee bure."

"Baba yako alinipa kwa jina la mama yako. Weye unanipa kwa jina la nani? Unanipa ili usikie."

Niliondoka nikiapa kwamba nitampa maskini mwingine, kwa nia safi, bila kungoja kitu. Nimeapa hivyo mara nyingi. Kila ninapoifunga kamba kwenye baiskeli, mkono unaifungua. Zile tisa nimezigawa zote bila shida. Hiyo moja iko palepale mezani, na ninaitia mafuta.

Siku moja baada ya adhuhuri nilikuwa nashona gauni la binti yangu kwa cherehani hiyo. Mke wangu, aliyekuwa amelala chumba cha pili, akatoka mbio, kitenge kimemfunga nusu, macho yanang'aa kwa furaha.

"Baba ya watoto! Leo nimemusikia! Mama yako, nimemusikia na masikio yangu!"

Miaka yote ile nilitamani mtu mmoja tu aniambie maneno hayo. Niliondoa mkono kwenye gurudumu, sauti ikakatika.

"Hapana," nikamwambia. "Ni miye tu."