Ganda la Ndimu katika Sura ya Kumi na Tisa

Siku za mwanzo Hannatu alikuwa akisema bismillahi kabla ya kuandika. Kisha akaona haya. Aliona ni kama kumkaribisha mgeni mheshimiwa kwenye nyumba isiyofagiliwa. Basi akazoea kuanza kimya, baada ya swala ya adhuhuri, simu mkononi na mgongo ukutani, mlango umerudishwa. Akimaliza ndipo aliposema astaghfirullahi mara mia, akihesabu kwa vidole, na siku ambazo sura ilikuwa ya moto sana alirudia mia nyingine.

Mtaani Yakasai, mle ndani ya Kano ya zamani, watu walimjua kwa mambo mawili. Alikuwa mjane wa Malam Garba, aliyefundisha Kurani nusu ya watoto wa mtaa ule, na alikuwa mtengenezaji wa udi wa kufukiza, ufundi alioachiwa na mama yake, Mkanuri wa Maiduguri. Jambo la tatu alilijua mtu mmoja tu, rafiki yake Ladidi, mshona kofia.

Ladidi ndiye aliyemtia humo. Kwa miaka minne Hannatu aliandika hadithi za mapenzi zisizo na dosari, akizituma sura kwa sura kwenye kundi la WhatsApp la akina mama. Alijiita Umm Raihan. Wasomaji hawakufika mia mbili. Siku moja Ladidi akaweka kofia yake chini, akamwambia, "Dada, watu wako kila wakifika kitandani wewe unafunga mlango. Wenzio wanauacha wazi. Wasomaji wanahamia huko."

"Ladidi, mimi mke wa Malam."

"Na hao watoto wanne Malam aliwaokota sokoni?"

Hannatu alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Lakini wiki ile ile aliuacha mlango wazi kidogo, halafu zaidi kidogo. Makundi yakawa matatu, yakawa saba. Ladidi ndiye aliyeyasimamia: sura kumi za mwanzo bure, zinazofuata msomaji anatuma kwanza namba za kadi ya salio la simu. Kwa njia hiyo kilipatikana kitanda cha harusi ya binti yake, kabati la milango mitatu, na sufuria za kupanga ukuta mzima. Kwao ni mama wa bibi harusi anayekijaza chumba cha maharusi, na mama akishindwa, binti husimangwa mpaka uzeeni.

Binti mwenyewe ndiye aliyekuwa mzaliwa wa kwanza, na kwa desturi ya huko mama hamtaji mzaliwa wake wa kwanza kwa jina. Kwa miaka ishirini na moja Hannatu alimwita "wewe binti" na "yule". Jina lake, Lubabatu, alilitaja akiwa amesujudu tu, kwa sauti ya kujisikia mwenyewe.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya harusi, habari zikazagaa kwamba mwandishi mmoja wa mtaa mwingine ameitwa akajieleze mbele ya wakubwa wanaoangalia maadili. Jina lake likapita kila simu. Mashemeji wakamtolea vyombo nje. Mdogo wake, aliyekuwa amechumbiwa, akarudishiwa barua ya uchumba kabla ya Ijumaa.

Tangu siku hiyo Hannatu hakulala usingizi wa kutosha. Salisu, mchumba wa Lubabatu, alikuwa kijana mpole, lakini baba yake alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, asiyetaka hata nyimbo za redio nyumbani mwake. Akijua Umm Raihan ni nani, hapatakuwa na harusi. Na binti hana kosa lolote. Hata simu ya mama yake hakuwahi kuishika.

"Namaliza hii," alimwambia Ladidi. "Sura ya ishirini, basi. Siandiki tena."

"Maliza salama," Ladidi akamjibu. Naye siku hizo hakutania.

Kosa lilitokea katika sura ya kumi na tisa. Hannatu alikuwa na homa, na kundi linadai. Katika sura hiyo mke anamsubiri mumewe arudi safarini, anafukiza chumba. Siku nyingine angebuni tu manukato yoyote. Siku ile kichwa kilimuuma, mkono ukaandika unachokijua: vipande vya msandali vilivyolowekwa kwenye shira na miski siku saba, karafuu kidogo, na ganda la ndimu lililokaushwa kivulini, likasagwa, likanyunyizwa juu ya makaa wakati moshi unaanza kupanda. Akatuma. Akajilaza.

Alipoamka, sifa zilikuwa zimejaa kwenye simu. Katikati yazo mwanamke mmoja ameandika: Ganda la ndimu? Mbona harufu hiyo niliwahi kuinusa mahali hapa hapa mjini?

Hannatu alikaa kitako. Kano nzima ina udi wa kila namna, lakini ganda la ndimu lilikuwa la mama yake peke yake, na baada ya mama yake, la mikebe iliyokuwa chini ya kitanda chake. Akaifuta sura. Ladidi akapiga simu, anahema: "Umechelewa, dada. Nimeshaiona kwenye makundi mawili yasiyo yetu."

Siku nne zikapita. Kila mtu akibisha hodi, Hannatu alisimama kwanza katikati ya chumba, akasikiliza sauti, ndipo akajibu. Alisukuma mikebe ya udi mpaka ukutani, akaifunika kwa kanga. Alisali mpaka magoti yakamuuma, na dua yake ilikuwa moja: Ewe Mwenye kusitiri, nisitiri mpaka mtoto aingie kwake.

Jumamosi asubuhi wakaja wanawake wa upande wa Salisu kuleta masanduku ya bibi harusi. Siku hiyo mama wa binti haonekani. Kwa haya, hukaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, na mawifi zake ndio wanaopokea. Hannatu alishukuru kwa hilo. Alisikia vigelegele, viatu vikivuliwa, masanduku yakitua uani moja baada ya jingine, na wifi yake Asabe akiwakaribisha kwa sauti kubwa.

Kisha akasikia harufu.

Asabe, asiyejua kusoma wala habari za kundi, alikuwa ametafuta udi wa kuwafukizia wageni. Alipokosa kwingine, alikuwa ameinama chini ya kitanda wakati Hannatu akitawadha, akafunua kanga. Sasa moshi ulikuwa ukipita juu ya ua, msandali, miski, na ule uchachu mwembamba wa ndimu unaokuja mwishoni. Hannatu alishika pazia. Hakuweza kutoka. Hakuweza kuita.

Halafu ikasikika sauti ya Hajiya Delu, shangazi yake Salisu, mwanamke mnene wa Kifulani ambaye hakuna shughuli iliyofanyika bila yeye kusema neno.

"Subirini, subirini! Nyie wanangu mnaosoma simu mchana kutwa, hamnusi? Huu si ule udi wa Umm Raihan?"

Wasichana wakaguna, wengine wakacheka kwa aibu. "Shangazi naye anasoma!"

"Sisomi, nasomewa! Macho yangu yameisha, masikio bado. Basi leo nimemkamata. Nimemkamata mwandishi wenu. Si mwingine ila Mkanuri huyu aliyejificha nyuma ya pazia! Nani mwingine angejua kufukiza namna hiyo? Mkanuri akikosa udi si hutafuna makaa?"

Wakaangua kicheko. Wafulani na Wakanuri ni watani tangu mababu, na mtani husema lolote, wala hakuna anayekasirika. Lakini nyuma ya pazia Hannatu hakucheka. Je, ni utani, au anajua? Na kama anajua, amesema mbele ya wanawake ishirini, na mmoja wao ni dada mwingine wa baba yake Salisu, wa tumbo moja naye.

Mtani akitupa neno lazima arudishiwe. Kicheko kikaanza kupungua. Asabe akasema kuelekea pazia, "Mke wa Malam, mbona kimya? Umemezwa?"

Hannatu alifungua mdomo, na sauti ikatoka, akashangaa kuisikia ni nzima.

"Hajiya, ningejua kuandika hivyo, ningeanza na kisa cha Mfulani aliyemkimbia mume kitandani akalale zizini na ng'ombe."

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Mtu alipiga kofi sandukuni. Hajiya Delu ndiye aliyecheka kuliko wote. "Wallahi hicho ningekinunua! Na ng'ombe angefurahi kuliko mume!"

Hannatu alikaa chini palepale. Amesema uongo au ametania? Hakujua mwenyewe. Alianza astaghfirullahi, akapoteza hesabu kwenye ya tisa.

Pazia likafunguliwa. Hajiya Delu aliingia peke yake, akalirudisha nyuma yake, akaketi mkekani kwa kujishika kiuno. Usoni hapakuwa na kicheko.

"Utani tumeuacha nje," alisema taratibu. "Tulia. Unatetemeka kama kifaranga."

"Hajiya, mimi..."

"Usiseme. Sikukuuliza. Nikikuuliza, utanidanganya au utaniambia kweli. Ukinidanganya, umejibebesha dhambi nyingine. Ukiniambia kweli, mimi ndiye nitakayeibeba, na kaka yangu, baba yake Salisu, akiniuliza siwezi kumdanganya. Kwa hiyo sikuulizi."

Hannatu alitazama mikono yake. Machozi yalikuwa yakidondoka bila sauti.

"Udi huu niliufukizwa mimi," Hajiya Delu akaendelea. "Mama yako alinifukiza siku naolewa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa naogopa, akanishika kichwa hivi, akaniambia moshi ukipanda na mimi nipumue. Sijaisahau harufu hiyo. Aliponisomea mke wa mwanangu ile sura, niliisikia kabla ya kuielewa."

"Nani mwingine anajua?"

"Wapo watakaonusa leo na kufikiri. Ndiyo maana nimesema kabla yao, tena kwa sauti. Nitakuita jina hilo sokoni, msibani, kwenye akika ya mtoto. Nitakuita mpaka lizoeleke, kila mtu aone ni utani wa Delu, na atakayelisema kwa kweli achekwe. Mume wako, Mungu amrehemu, alifundisha wanangu habari ya kusitiriana. Alifundisha bila malipo."

Hannatu alitaka kumshika mkono, hakuthubutu.

"Lakini yule mwanamke wa hadithi," Hajiya Delu akasema, akiinuka kwa shida, "mumewe amesharudi safari. Mwache aingie kwake. Na mlango ufungwe. Sisi tulio nje tuna kazi zetu."

"Ndiyo, Hajiya."

"Mimi sikusema kitu. Nilizungumza habari za hadithi." Akafunua pazia, na kabla hajatoka vizuri sauti yake ilishapanda tena: "Jamani, Mkanuri analia! Anaogopa tutaondoka na mikebe yake!"

Kesho yake baada ya adhuhuri Hannatu aliandika sura ya ishirini. Haikufika hata ukurasa. Mume aliingia, akaweka mzigo, akauliza habari za watoto. Mke akamletea maji. Wakatazamana, mume akaufunga mlango. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Hannatu alianza na bismillahi, akaiandika juu ya sura, akaiacha ibaki. Alipokwisha kutuma, alitoa laini ya simu, akaivunja kwa meno.

Jioni Ladidi alikuja amejishika kichwa. "Dada, wanatukana. Wanasema umewafungia mlango usoni. Mmoja anadai arudishiwe kadi zake tangu sura ya kumi na moja."

"Mrudishie."

"Na wengine wakisikia?"

"Nao warudishie. Kabati limeshalipwa, kilichobaki si changu."

Harusi ilifanyika. Walipokwenda kupanga chumba cha bibi harusi, kitanda na kabati na sufuria zikiwa ukutani zinang'aa, Hajiya Delu alisimama mlangoni na chetezo mkononi, akapaza sauti: "Umm Raihan! Lete udi, mkwe wako anangoja!"

Wanawake wote wakacheka, na yule dada mwingine wa baba yake Salisu akacheka kuliko siku ile. Hannatu alileta mkebe. Alipoufungua, unga wa ganda la ndimu ukamwagika kidogo sakafuni.

"Shika, Mfulani mnywa maziwa," alijibu. "Usije ukaugeuza mchuzi."

Mpaka leo ukweni kwa Lubabatu wanamwita hivyo, wakubwa kwa wadogo. Hata Salisu, siku akiwa na furaha, humwambia mkewe, Umm Raihan amekuja kututembelea. Hannatu huitikia haraka, hurudisha utani wake, watu hucheka. Kisha, kabla ya kuketi, huzitazama nyuso moja moja, taratibu, kuona kama kuna mtu ambaye hakucheka.