Bangili Iliyogeuzwa Twiga

Baba yangu alikuwa sonara wa fedha, pale Temeke, siku ambazo mikorosho ilifika mpaka nyuma ya nyumba yetu. Wanawake walipoanza kutaka dhahabu, aliacha kufua vipini vya pua na vikuku akageukia mabizimu ya ukumbusho: twiga, mnazi, kichwa cha simba, mapambo ambayo wake wa Wazungu waliyabana kifuani wakirudi kwao. Duka moja la Uhindini liliyanunua yote.

Safari moja duka likataka twiga kumi na wawili kabla ya meli kuondoka. Fedha ya kufua aliyokuwa nayo ilitosha tisa.

Akaja uani, mama akipepeta mchele. Mama alivaa bangili ya fedha aliyoachiwa na marehemu mama yake, huko Kilwa. Upande mmoja ilikuwa imelika, nyembamba kama ukucha, kwa sababu bibi alisaga mtama miaka mingi na bangili ikisuguana na jiwe. Nilipougua homa, mama akinishika paji la uso, nilikuwa nautafuta ule wembamba hata macho yangu yakiwa yamefumba.

"Mama watoto," baba alisema, "niazime huo mkono."

"Mkono, au kilicho mkononi?"

"Nikiuchukua mkono nani atanipikia?"

Mama akacheka. "Mwanamume wewe, ukianza mzaha najua una shida. Utanirudishia?"

"Uzito ule ule. Kwani mimi najiibia?"

Ilibidi apake sabuni ndipo ikavuka kiganja.

Meli ilipoondoka na duka likamletea fedha nyingine ya kufua, baba alikaa siku tatu na tupa na nyundo. Kisha akamvisha mama bangili mpya mbele yetu sote.

"Haya, itazame. Na ule upande ulioharibika nimeutengeneza."

Mama aliizungusha taratibu, akiipapasa kwa kidole gumba. Akaizungusha tena.

"Nzuri," alisema. "Nzuri mno, baba watoto."

Baba alifurahi kama mtoto. Sikumlaumu, wala leo simlaumu. Kwa sonara, fedha ikishaingia motoni haina mwenyewe. Ni uzito na weupe wake tu. Mama hakumwambia kitu mpaka anazikwa. Angemwambia nini? Amrudishie jiwe la bibi, na mtama wake?

Lakini tangu hapo, tukienda mjini, mama aliwatazama Wazungu wa kike vifuani. Siku moja, nikiwa mwari tayari, tulikuwa dukani tukichagua kanga. Pembeni yetu alisimama Mzungu mmoja mwenye twiga wa fedha kwenye kola. Mama akamsogelea, akanyoosha mkono, akampapasa yule twiga shingoni. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamvuta mtandio.

Yule mama wa Kizungu akacheka. "Wewe napenda? Duka ile iko mingi sana."

"Najua, memsahibu," mama alijibu kwa adabu. "Mimi natafuta mmoja."

Tukatoka bila kanga. Tulitembea hadi hasira zangu zikapoa.

"Mama, alikuwa yeye?"

Aliangalia kidole chake, kisha akakifuta kwenye nguo.

"Nitajuaje, mwanangu? Baba yako amewalainisha wote."