Bi Tunu na Zipu za Machinjioni

Bi Tunu wa Vingunguti alikuwa na kinyaa, na hakukificha. Suruali ikitua mbele ya cherehani yake zipu imeharibika, kitu cha kwanza alichokishika si koleo, ni pindo la khanga yake, akalibana puani. Watu hawana haya, alisema. Wakienda kwa daktari wanaoga mpaka nyuma ya masikio, lakini fundi zipu wanamletea suruali iliyotoka mwilini dakika ile ile, bado ina joto la mwenyewe. Kulishika tu lile joto moyo ulikuwa unamchafuka.

Zipu zenyewe alizijua kuliko mafundi wote wa mtaa ule. Miaka kumi na moja alifanya kazi kwenye karakana moja ndogo ya kuunga zipu, huko Temeke. Utepe wenye meno ulikuja umeviringishwa, mita na mita. Wao wakaukata kwa urefu unaotakiwa, wakang'oa meno machache ya mwisho, wakavisha kile kichwa kinachopanda na kushuka, kisha wakabana vizuizi juu na chini. Kazi ile aliipenda kweli. Halafu tajiri akaleta vichwa vya bati jepesi lililopakwa rangi ya dhahabu, vinavyolegea kabla mwezi haujaisha, akataka viuzwe kama vile vya zamani. Bi Tunu alikikunja kimoja kwa vidole mbele ya macho ya tajiri huyo, akakiacha mezani, akaenda zake. Mpaka leo akikutana na kichwa cha aina ile husonya.

Wateja wana maswali, na maswali yao ni yale yale. Mbona zipu naifunga halafu inaachia nyuma? Kichwa kimelegea, kibane kwa koleo pande zote mbili, taratibu, ukizidisha kitakatika. Mbona inakwama? Kuna uchafu au uzi umeingia. Usiivute kwa hasira, irudishe kwanza, isafishe kwa mswaki mkavu, ndipo usugue meno kwa mshumaa. Mteja msafi alipewa maelezo yote hayo, na kipande cha mshumaa akakatiwa. Mteja anayenuka alipewa maneno mawili matatu, huku Bi Tunu akitazama barabarani.

Nurdin alikuwa wa kundi hili la pili. Kazi yake ni kuchuna ngozi machinjioni, mtu mzima mwenye watoto wanne, mpole kupita kiasi. Siku hiyo alikuja moja kwa moja kutoka kazini, damu imemkaukia kwenye kucha, na harufu ikatangulia mbele yake. Akaamkia shikamoo, akaeleza kwamba zipu ya ovaroli yake inakwama kila siku, na za wenzake vilevile. Afanyeje?

"Paka chochote kinachoteleza," alisema Bi Tunu ndani ya khanga, kisha akainamia cherehani kama mtu aliyezidiwa na kazi. Hakuwa na kazi yoyote. Nurdin alishukuru akaondoka.

Sasa machinjioni mtu atafute mshumaa wa nini, wakati shahamu ya ng'ombe imejaa sakafuni? Nurdin alichukua bonge akapaka, na zipu ikateleza vizuri ajabu. Akawaambia wenzake kwamba ni maelekezo ya yule mama anayezijua zipu. Wakapaka wote, kila asubuhi, kwa wiki sita.

Wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja, wanaume tisa walijipanga mbele ya cherehani ya Bi Tunu, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki uliofungwa fundo. Bwana afya alikuwa amewatoa nje asubuhi ile. Amesema kesho asiyekuwa na ovaroli safi inayofunga mpaka shingoni haingii, na nafasi yake atapewa mwingine. Na siku za Idi ndizo siku ambazo mchunaji anazisubiri mwaka mzima.

Bi Tunu alifungua mfuko wa kwanza, akaufunga palepale. Alikohoa, akatema mate, akaufungua tena. Shahamu ilikuwa imeganda kwenye utepe wa zipu ikageuka manjano, kutu imekula meno, panya wametafuna pindo, na chini kabisa, pale kichwa kinapoanzia, funza walikuwa wanacheza. Wamezifua ovaroli, walisema, tena kwa sabuni ya unga, shahamu haitoki.

"Mwendawazimu gani aliwaambia mpake mafuta ya ng'ombe?"

Wanane wakamtazama Nurdin. Nurdin akatazama chini. "Ni wewe mama ulisema chochote kinachoteleza," alijibu.

Bi Tunu angeweza kukana, maana siku ile walikuwa wawili tu. Lakini maneno yale aliyakumbuka vizuri, akaona haya. Akawaamuru wachote maji, wanunue zipu nene za plastiki ambazo hazishiki kutu, kisha akaanza kuzifumua zile mbovu moja baada ya nyingine kwa mkono wake. Mara mbili alikwenda kutapika nyuma ya kibanda. Kila aliporudi alimfokea Nurdin. Mtu mzima mwenye akili zake, unaambiwa chochote, unachukua uozo? Ilipofika alasiri ovaroli zote tisa zilikuwa zimefuliwa upya, nane zimeshatiwa zipu na kuanikwa, na ile ya tisa, ya Nurdin mwenyewe, ilikuwa inapata zipu mpya.

"Ungeuliza," alisema Bi Tunu, mguu ukiendelea kukanyaga. "Ungeuliza tu nipake nini, ningekwambia. Mdomo ulikuwa nao."

"Nilitaka kuuliza mama," alisema Nurdin, bila kinyongo. "Nikaona umeziba pua. Nikasema nisikuongezee adha."

Mguu ulisimama. Bi Tunu alilitazama pindo la khanga yake. Ovaroli zote zilikuwa safi, uozo umeshafukiwa, upepo ulileta harufu ya sabuni tupu. Hata hivyo moyo ulimchafuka kuliko asubuhi.