Bugarama nzima imesoma

Kwenye duka la intaneti hapa Kamembe, bwana wa kampeni ya vyandarua alimwonyesha mwenye duka simu yake, kifua mbele. "Maman, angalia! Barua pepe yetu, balimaji bote ba Bugarama bameifungua!"

Maman hakuacha kupiga chapa. "Papa, ni miye nazifunguaka. Hizo adresi nilibatengenezea hapa, na kila siku nachungulia humo kama majibu ya maombi yabo ya vitambulisho yamefika. Bao benyewe hata password habajue."

Bwana alikuna kidevu, akatazama mlangoni, kisha akainama. "Basi Maman, ukifungua, ubonyeze na kile kiungo cha chini. Hapo ndipo tuko nyuma."

Sasa nasikia kampeni hiyo ya vyandarua inaongoza mkoa mzima. Mbu wa Bugarama hawana habari.