Siku Nilipomtaja Muuaji Msibani

Nisiwafiche, jamani: miaka ile ya tisini, mtaani kwetu Mlabani, nilimwita mjane muuaji mbele ya waombolezaji wote, na wala sikukusudia.

Chanzo ni kitabu. Shoga yangu wa Mang'ula aliniazima riwaya ya upelelezi, ya mauaji lakini ya kuvunja mbavu (mpelelezi mwenyewe mnene, anaogopa kuku), akasema kesho anaitaka, nirudi nayo kwa treni, na mimi nimebakiza kurasa chache tu, ndipo jirani yetu Mzee Alfonsi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, akala vizuri mchana, akajilaza, asiamke tena. Msibani lazima niende, kitabu siwezi kukiacha, basi nikakificha ndani ya kanga.

Nikakaa nyuma na akina mama waliokuwa wanachambua mchele, nikafungua kidogo tu. Mpelelezi kamkimbia jogoo, kakwama kwenye pipa! Kicheko kikanitoka, nikakigeuza kilio hapohapo, nimejifunika uso, mabega yanatikisika. Wakanihurumia!

"Maskini, alimpenda sana mzee wa watu," wakasema, wakaninyanyua, wakaenda kunikalisha ndani, kwenye mkeka, ubavuni mwa mjane, Mama Kristina.

Mwenye akili angetulia. Mimi nikafungua tena chini ya kanga, na muuaji alipotajwa nikasahau kabisa niko wapi, nikapaza sauti: "Mamaa! Kumbe mkewe ndiye aliyemtilia sumu!"

Hata waliokuwa wanaimba nje walikuja kuchungulia dirishani. Mama Kristina alinitazama mdomo wazi. Kabla sijapata neno, mdogo wa marehemu akaruka kutoka mlangoni: "Si nilisema! Si niliwaambia?"

Nikamnyooshea kitabu, nikaropoka, "Shikamoo baba, ni hadithi, hadithi tu!" Akaninyang'anya, akasoma kwa sauti ili watu wausikie ushahidi, na alichokikuta ni mpelelezi anampigia jogoo saluti. Bibi mmoja pembeni akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga.

Mama Kristina hakucheka. "Shemeji," akasema polepole, "uliwaambia nini?"

Shemeji akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Macho yote yakahama kutoka kwangu yakamwendea yeye, na mimi niliyedhani aibu ni yangu peke yangu nikabaki nimeduwaa, maana nilijua sasa kwamba yule mama alikuwa amekaa na watu waliokuwa wakimnong'ona huku wakila chakula chake.

Wazee wa ukoo walimbana yule shemeji, akaomba radhi kabla ya tanga kuanuliwa. Na mimi nikaenda, nikapiga magoti. Mama Kristina akaniinua.

"Wewe uliyasoma kitabuni, mwanangu," akasema. "Yeye aliyatoa moyoni."

Siku hizi nikienda msibani naenda mikono mitupu, na nikikuta hata gazeti lililofungiwa sukari, naligeuza juu chini.