Sinia la Kishikio Kimoja

Mzee Kitwana, sonara wa Gerezani, alikuwa mbishi. Tena mbishi wa kupindukia! Ukimpelekea fedha ya kuyeyusha, hata iwe pete kuukuu, hakuitia motoni mpaka mwenye mali afike, asimame mbele ya mivukuto na kusema, "Nimeridhia." Si mume, si kaka, si mjumbe wa nyumba kumi. Mwenyewe! Watu wa Kariakoo walimcheka, lakini mapambo yao walimpelekea yeye.

Mwaka wa sabini na tisa, vita vya Kagera vilipokwisha, wenye maduka waliamua kumtunza Meja Augustino, aliyewaongoza vijana wengi wa mitaa ile. Wakataka sinia la fedha lenye vishikio viwili. Madini ya fedha ya kununua hayakuwepo, enzi zile hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo kina mama wakatoa bangili na vikuku vyao. Polycarp, mwenyekiti wa kamati, akadhani mambo yamekwisha. Wapi! Kitwana aliwaita wote waje karakanani waridhie. Wakaja huku wananung'unika, hata Bi Sabaha mwenye mguu mbovu alikuja akiburuza fimbo.

Ikabaki jozi moja ya vikuku vizito vya mtoto, vilivyotosha kishikio cha pili. Vililetwa na Vitalis, mfanyakazi wa reli.

"Nimeridhia," alisema Vitalis.

"Wewe nani? Vikuku hivi nilimfulia mkeo, Aristides alipozaliwa. Aje Hyasinta."

Vitalis akatoka kwenda kumwita. Aristides, mtoto wao wa pekee, alikwenda Kagera na kikosi cha Meja, hakurudi.

Jioni Hyasinta akaja, hajaambiwa anaitiwa nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shika vitu vyako. Ukiridhia, navitia motoni."

Akavishika. Ndiyo kwanza ajue kwamba vilitolewa. Mumewe alivichukua sandukuni bila kumwambia. Maskini, mwanawe alizikwa mbali, hata kaburi hakuwa nalo la kwenda kulilia. Akavifumbata kifuani.

"Mama, sema tu," akahimiza Polycarp, aliyekuwa pale akilisubiri sinia. "Sherehe yenyewe kesho! Tumpe Meja sinia kilema?"

"Mpeni kilema," alisema Kitwana. "Hyasinta, rudi navyo nyumbani."

"Mzee Kitwana, unatuaibisha! Mimi nitasema mbele za watu kwamba kosa ni lako."

"Sema."

Alijibu kwa kiburi, lakini moyoni alijiuliza. Mtu aliyekwenda kupigana kwa ajili yao, wampe kitu nusu? Hata hivyo mkono wake ulikataa kabisa kuvichukua vile vikuku.

Kesho yake Mnazi Mmoja ilifurika. Ngoma, vigelegele, vumbi! Meja alipopokea sinia akaligeuza huku na huku. Lilikuwa zuri, jamani, limenakshiwa mikorosho na mawimbi, lakini upande mmoja mtupu. Polycarp hakungoja aulizwe, akamnyooshea sonara kidole.

"Mzee," Meja akauliza, "kishikio cha pili kiko wapi?"

Kitwana akasogea mbele. "Kiko kwa mama yake Aristides, afande. Hakuridhia, nami siwezi kumyeyushia mtu mwanawe."

Jina lile Meja alilijua vizuri.

"Mama huyo yupo?"

Watu wakapisha. Hyasinta alikuwa nyuma kabisa, karibu na wauza kashata, anataka kuondoka. Meja akashuka jukwaani na sinia lake, akapita katikati ya watu mpaka kwake. Akakamata kile kishikio kimoja, ule upande mtupu akamwelekezea yeye.

"Mama," alisema, "nisaidie. Shika huku."

Hyasinta akaushika ule ukingo mtupu kwa mikono yake yote miwili, na vikuku vya mwanawe amevifunga pindoni mwa kanga.