Kinini Nilizozigawa

Nilizigawa nikiimba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama alijikata mguu kwa jembe shambani, upande wa Bogoro. Kinini za kwanza, vidonge vile vya rangi mbili ambavyo kila mtu hapa Bunia anavijua, hazikumsaidia. Daktari akamwandikia dawa mpya, ya siku kumi. Siku ya nne kidonda kikakauka, mama akaanza kunitania kwamba atacheza kwenye harusi yangu, mimi ambaye sina hata mchumba! Basi kinini zilizobaki nikazifunga kwenye vikaratasi, mbili mbili, nikawapelekea majirani waliokimbia vita kule Djugu: huyu anakohoa, yule tumbo. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyefungua hospitali yake.

Majuma mawili hayakupita, mguu ukavimba tena, ukanuka. Dawa ile ile mpya haikufanya kitu. Kijana wa labo ya hospitali akachukua usaha aupime, na siku chache baadaye akaniita nione kisahani chake, akinisemesha kama dada yake mkubwa.

"Angalia, yaya. Hii nyeupe-nyeupe ni mikrobe za mama. Hivi vikaratasi viko na dawa, kila kimoja na yake. Dawa ikiweza, inafagia kiwanja pembeni yake."

Dawa yetu mpya haikuwa na kiwanja. Mikrobe zilikuwa zimeota mpaka mlangoni pake, kama majani kwenye nyumba iliyokimbiwa.

"Lakini iko mupya!"

"Mama alikunywa zote?"

"Siku ine. Zingine niligawia watu."

Akanitazama, kalamu hewani. "Eh, yaya! Mikrobe za uzembe zilikufa. Zenye nguvu zilibakia, zikazaa, zikapitishiana ujanja."

Kupitishiana! Mimi shule iliniacha mlangoni mwa sekondari, na vidudu visivyo na macho vinapeana masomo ndani ya mguu wa mama yangu.

Kikaratasi kimoja tu kilikuwa na kiwanja: dawa ya sindano. Mama amelazwa nayo. Daktari bado hasemi kama mguu utabaki.

Nikapita nyumba kwa nyumba kudai kinini zangu, zisije zikafundisha vidudu vya wengine. Mama mmoja jirani akacheka.

"Weye ulileta, weye unakuja kunyanganya? Moja nilikunywa. Ingine nilipatia kuku, alikuwa anasinzia."

"Na kuku?"

"Alipona! Aksanti sana, binti."

Kuku akapita mbele yetu, anatembea vizuri kabisa, kwa miguu yake yote miwili.